Sentimita Tano za Maji

Nilipokuwa nasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, huko Iringa, wenzangu waliivumilia fizikia ili wafike kwenye udaktari. Mimi niliipenda kweli, nao wakanicheka: utamtibu nani kwa presha ya maji? Leo niko wodi ya watoto wachanga Mbeya na jibu ninalo. Kuna siku natamani nisingekuwa nalo, maana anayeijua hesabu ndiye anayeogopa zaidi.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, wa wakulima wa mpunga Ubaruku. Kila akivuta pumzi mbavu zilibonyea. Mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa imeharibika, basi nikamwekea oksijeni puani, na mpira wa kutolea hewa nikauzamisha kwenye chupa ya maji, sentimita tano. Kina hicho ndicho kinachozuia mapafu yasisinyae. Kikizidi mno, pafu linaweza kupasuka. Nilipima kwa rula, nikapima tena.

Mama yake alikuwa hajiwezi baada ya upasuaji, kwa hiyo bibi ndiye aliyekaa na mtoto. Nilimkataza kugusa mipira. Hakuigusa. Alikaa tu akiitazama chupa inavyotokota kwa mapovu ya hewa, nami nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Niliporudi, maji yalikuwa yamefika shingoni mwa chupa. Mwanamke aliyepika wali maisha yake yote kaona maji yanachemka na kupungua, kaongeza yasije yakakauka.

Nikauvuta mpira juu hadi kina kilipopungua, nikaweka stethoskopu kifuani. Mtoto alikuwa kimya mno. Upande wa kulia hewa ilikuwa inaingia. Kuhamia kushoto nilishindwa. Jamani, niliogopa.

“Daktari, nimemuua?” bibi aliuliza nyuma yangu.

Nikahamia kushoto. Hewa ilikuwepo, kidogo, lakini ilikuwepo.

“Hapana, mama. Anapumua.”

Kisha nikatoka nje, nikalia penye kamba za kuanikia nguo.

Siku tulipomtoa mpira, mama yake akiwa amelala, nilimpelekea bibi mjukuu wake. Akaficha mikono ndani ya kitenge. Akasema mikono ile haina akili, nimpe mtu mwingine. Nilikasirika, maana hofu yake ilikuwa ile ile yangu na sikutaka kuiona kwa mtu. Sikubembeleza. Nikamlaza mtoto mapajani kwake, nikasimama pale pale. Bibi akakaa wima, mikono ameinua juu, hataki kugusa chochote. Mtoto akapiga chafya, akateleza kidogo, na bibi akamdaka kwa mikono yote miwili, akamkumbatia. Mama mtu alipoamka na kumtaka mwanawe, ilibidi asubiri.