Hakuna Mtu Ngazini

Jina la Lifti alipewa na Kepteni, nahodha wa timu ya mpira ya chuo, asubuhi ya mtihani wa mdomo wa mwaka wa kwanza. Lifti ya jengo la ufundi ilikuwa mbovu, chumba cha mtihani kiko ghorofa ya sita, na binti wa watu, mnene tangu utotoni, aliishiwa pumzi ghorofa ya nne akaketi kwenye ngazi. Kepteni akampita akiruka vidato viwiliviwili.

"Kaka, mwambie mwalimu nakuja," alimwomba.

"Jamani, lifti imekwama!" Kepteni akapaza sauti, na wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Angeishia hapo, tungemsamehe. Lakini mwalimu wa somo lile hufunga mlango saa tatu kamili, ila humngoja aliyeko ngazini. Alipomuuliza Kepteni kama kuna mtu nyuma yake, yule mshenzi akajibu, "Hakuna mtu." Binti akafika akakuta mlango umefungwa. Likizo nzima alirudia somo peke yake, akimeza mate machungu. Mnene kiasi kile, halafu hakuna mtu!

Akampania. Kila asubuhi kabla ya vipindi alivaa raba, akapanda ghorofa sita na kushuka, akapanda tena. Wiki ya kwanza magoti yalimkatalia katakata. Alipotaka kukaa, alijisemea lile neno, "hakuna mtu," na hasira ikamnyanyua.

Mama yake, fundi cherehani, alishangaa kupunguza gauni la binti yake kwa mara ya tatu.

"Mwanangu, kuna kijana nini?"

"Yupo, mama."

"Anakupenda?"

"Atanikoma."

Mwalimu wa michezo naye aligawa fomu za utafiti wake: *Ni nani au nini kinakusukuma kufanya mazoezi?* Wenzake Lifti waliandika afya, umbo, kuondoa mawazo. Yeye aliandika neno moja, "Kepteni." Mwalimu akamsifu kwa kuwa na mtu wa kuiga.

Mtihani wa mdomo wa mwaka wa pili ukafika, na lifti, kama kawaida yake, ilikuwa imekufa. Jumamosi iliyotangulia Kepteni alikuwa ameteguka kifundo cha mguu uwanjani. Lifti alimkuta ghorofa ya nne, gongo kwapani, shati limelowa jasho.

"Dada, mwambie mwalimu nakuja. Tafadhali. Nikilikosa somo hili wananifukuza, nina masomo mawili ya kurudia."

Leo ni dada! Akampita. Alimalizia ghorofa mbili bila hata kuhema, na raha aliyoisikia, tusidanganyane, hajawahi kuisikia tena. Mwalimu yuleyule alikuwa ameshika kitasa.

"Kuna mtu nyuma yako?"

Kule chini gongo liligonga ngazi, likatulia, likagonga tena. Alilisikia vizuri kabisa.

"Hakuna mtu," alisema.

Mwezi uliofuata, chuo kilipofunguliwa, Kepteni alifungasha virago. Lifti alimwona getini na begi lake, akichechemea, naye akasimama makusudi ili amtazame mpaka apotee barabarani. Moyo wake uliburudika siku hiyo yote.

Kesho yake alivaa raba, akasimama chini ya ngazi. Akajisemea lile neno. Halikumnyanyua, lilimletea tu mlio wa gongo. Siku ya tatu lifti ilikuwa imeshatengenezwa; binti akaingia na raba zake, akabonyeza sita. Baada ya wiki chache mama yake alianza kurudishia gauni upana, na safari hii hakuuliza kitu.

Mwisho wa muhula mwalimu wa michezo alirudi na fomu zilezile, swali lilelile. *Ni nani au nini kinakusukuma kufanya mazoezi?* Lifti alitafuna kalamu mpaka wenzake wote wakaondoka. Kisha akaandika, kwa mwandiko mdogo kuliko wa mara ya kwanza:

"Hakuna mtu."