Kengele ya Baiskeli na Kinywa cha Mama Prudence

Sauti ya Mama Prudence haijawahi kuomba ruhusa kwa ukuta. Akifundisha sayansi katika darasa la saba, pale Saio, mtaa wa Bunia, darasa la jirani linaandika somo lake bure, na mama anayeuza mandazi nyuma ya ua anaweza kukueleza kazi ya mapafu bila kuacha kugeuza mandazi yake.

Siri yake ilikuwa moja: hamalizi maneno. Analikata neno katikati, anainua kidole, anangoja.

"Mmea unakunywa maji kwa mi..."

"—zizi!" Watoto sitini wanalipuka pamoja, na mama wa mandazi ni wa sitini na moja.

Walimu wengi wa Bunia hufanya hivyo, usidanganywe. Lakini wengine wanafanya, Mama Prudence anatawala. Siku ya harusi yake, miaka ishirini iliyopita, kanisa lilijaa wanafunzi wake. Mchungaji akamwuliza kama anamkubali Hubert, fundi seremala aliyesimama pale kwa suti ya kuazima. Prudence akajibu kwa heshima, "Ndiyo, nimemku..." na kanisa zima likaitikia, "—bali!" Mchungaji akamtazama Hubert kwa huruma. Hadi leo Hubert anasema yeye ni mume wa darasa zima.

Basi ikaja programu mpya ya masomo. Ilikuja ndani ya kitabu kinene kama tofali, na ndani yake mna amri tatu: somo lianze na jambo la maisha ambalo mtoto analijua, mtoto mwenyewe atafute jibu, mwalimu aseme kidogo. Hiyo ya tatu ilipofika masikioni mwa Mama Prudence, alikaa chini.

Préfet Roger, mkuu wa shule, hakumpa nafasi ya kupumua. Aliwaita watu wawili ofisini: Mama Prudence, na Dany, kijana mwembamba wa miaka ishirini na sita, mwenye kompyuta begani na maneno mengi mdomoni.

"Darasa ya saba iko na nafasi ya mwalimu moja tu," akasema Préfet. "Muende ku formation, siku tano. Mwenye mukaguzi atasema ameiva, atachukua saba. Mwingine atalinda bibliothèque."

Maktaba hiyo ina vitabu kumi na kimoja na mashine ya fotokopi iliyokufa. Mama Prudence aliijua. Ndimo alimokuwa akificha chaki.

Hakulilia cheo. Alililia darasa la saba lenyewe. Ndilo mlango wa sekondari: watoto wanaingia na kaptula za msingi, macho yamewatoka, na kila mwaka kuna waliokimbia vita kule Djugu na kukaa kambini, waliopoteza mwaka au miwili, ambao wiki ya kwanza hawafungui kinywa. Wiki ya pili, mmoja anajikuta amesema "—zizi!" pamoja na wenzake, anashtuka kusikia sauti yake, anacheka. Kwa ajili ya kicheko hicho Mama Prudence angekubali kumeza kitabu kile, na jalada lake.

Mafunzo yakafanyika katika ukumbi wa parokia, walimu arobaini kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mkaguzi alikuwa Papa Mbuyi, mtu wa Kasai aliyeishi Bunia muda wa kutosha kupenda mboga ya sombe lakini si wa kutosha kuzoea vumbi. Alifuta viatu vyake kila robo saa. Mezani kwake aliweka kengele ya baiskeli.

"Kila mara mutu atakata neno ili bengine bamalizie," akasema, "nitalia hivi." Tring.

"Inspecteur, lakini batoto banapenda!" Mama Prudence akalalamika.

"Hata bonbon ya sukari banapenda, Mama. Tunabapa bonbon ku examen? Ile yenu iko kuimba, haiko kujifunza. Mutoto anamaliza neno, akili yake iko inje inacheza mupira."

"Kweli, Inspecteur, nimesi..."

"—kia!" ukumbi wote ukaitikia.

Tring.

Jumatatu hiyo kengele ikalia mara hamsini na tatu, na arobaini na moja zilikuwa za Mama Prudence peke yake. Hesabu alikuwa nayo Dany.

"Ma Pru, arobaini na moja! Hata kanisa haipigi kengele hivi siku ya Pasaka."

"Funga kinywa, Dany. Miye ndiye nilikufundishaka, hapo hapo mu darasa ya saba, na ulikuwa unakula chaki."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na mabenchi matatu yakalisikia. Tangu hapo Dany akawa "Chaki" hadi Ijumaa.

Kila mwalimu aliyekuja kupimwa alipaswa kutoa somo moja, na wenzake wajifanye wanafunzi. Ah! Hujaona utoto mpaka umeona walimu arobaini wameruhusiwa kuwa watoto. Watu wenye wajukuu walirushiana karatasi. Mwalimu mmoja wa dini, mwenye upara wa kung'aa, aliomba kwenda choo mara nne na hakurudi mara ya nne. Kila ujanja waliouadhibu kwa miaka thelathini, sasa wakaufanya kwa ustadi wa watu waliousomea.

Jumatano ikawa zamu ya Dany. Alikuja na projekta, picha za rangi, na jambo la maisha alilolinakili neno kwa neno kutoka kitabu cha mfano: familia imepanda lifti katika jengo la ghorofa ishirini, tafuta mwendo wake. Alisema kidogo kabisa, kama amri ilivyotaka. Shida ni kwamba wanafunzi nao walisema kidogo kabisa. Mwishowe yule wa upara akainua mkono.

"Mualimu, lifti iko nini? Iko na matairi?"

Umeme ukaondoka kabla Dany hajajibu, na watu wakasema hata umeme umeona aibu.

Lakini Mama Prudence hakucheka sana. Zamu yake ilikuwa Ijumaa, ya mwisho, na kengele ilikuwa bado inamfuata. Jumatano jioni alifanya mazoezi nyumbani. Alimkataza Hubert kumalizia maneno yake, na Hubert, mtu wa kutii, akatii.

"Hubert, kuya, chakula iko ta..."

Hubert akaendelea kupiga randa.

"Nimesema chakula iko ta..."

Randa ikazidi kuimba. Ugali ulipoa, mboga ikapoa, na mke akapanda moto.

"Weye ulisema nisimalize!"

"Sasa utakula namna gani?"

Hubert akaweka randa chini. "Sikia, mama. Bibi yangu ya kule Bogoro, akienda kusikiliza kesi ya ndugu, alikuwa anajaza maji mu kinywa. Hamezi, hatemi. Anasikiliza mpaka bote banachoka, kisha anameza na anasema neno moja. Fanya vile."

Mama Prudence akamtazama. Miaka ishirini ya ndoa, na mtu huyu alikuwa ameficha dawa hiyo. Bila shaka alikuwa na sababu zake za kuificha, na bila shaka pia alijuta mara nyingi kwamba hakuitoa mapema.

Ijumaa, saa nne za asubuhi, Mama Prudence akasimama mbele. Alikuwa na beseni la maji, kikombe, na bakuli la maharagwe ya kutoka Marabo aliyoyaomba kwa Maman Estelle, mpishi wa mafunzo, ambaye jikoni kwake kulikuwa nyuma ya ukumbi.

"Hii ni chakula yetu ya leo," akasema. "Maman Estelle anasema mingine imeoza ndani, lakini inje yote inafanana. Siye tuko arobaini na njaa iko moja. Tutachagua namna gani bila kupasua moja moja?"

Akanywa funda kubwa kutoka kikombeni. Hakumeza. Mashavu yakajaa, mikono ikaenda mgongoni, na Mama Prudence akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu ubatizo wake.

Ukumbi ukashangaa. Kisha, kwa kuwa tumbo lilikuwa linasikiliza, ukaamka. Mmoja akasema tuyanuse. Mwingine tuyatikise. Yule wa upara akamwaga kiganja kimoja ndani ya beseni, na hapo watu wakasimama juu ya mabenchi: mengine yalizama, mengine yalielea.

"Ya kuelea ni ya shetani!" akasema mwalimu wa dini.

"Ya kuelea ni nyepesi," akasema mwingine. "Lakini ni kwa sababu gani?"

Wakamgeukia Mama Prudence. Akapandisha mabega. Mashavu yake yalikuwa kama mpira wa juma la kwanza la muhula, kabla haujaishiwa upepo. Wakabishana wenyewe. Wakapasua moja lililoelea: ndani kulikuwa na tundu na mdudu mmoja mwenye haya. Wakapasua lililozama: limejaa. Mwishowe wakaenda kumwita Maman Estelle, akaingia na mwiko wake, na watu arobaini wenye diploma wakamnyamazia.

"Nyinyi mulikuwa hamujui?" akasema Estelle. "Mududu anakula nyama ya ndani, anaacha nyumba tupu. Nyumba tupu iko na hewa. Na hewa haipendi kukaa chini ya maji. Kila mama ya soko anajua."

"Basi kitu ikiwa kubwa sawa na ingine, lakini ndani iko hewa, inaelea!" mwalimu mmoja akapiga kelele, kana kwamba ni yeye aliyeumba maji. Wakajaribu kwa chupa tupu na chupa iliyojaa. Wakajaribu kwa kalamu, kwa ndizi, kwa kiatu cha mtu ambaye hakuombwa. Papa Mbuyi alikuwa anaandika, na kando yake kengele ilikuwa imelala usingizi wa mchana.

Zilibaki dakika mbili. Mama Prudence alikuwa ameshinda na alijua ameshinda. Hapo Dany akainua mkono kwa adabu ya mtoto wa kwaya.

"Madame, swali. Chaki niliyokulaka zamani, ilizama ao ilielea?"

Mama Prudence alijaribu kujizuia. Mungu ni shahidi, alijaribu. Macho yakamtoka, mashavu yakatetemeka, mabega yakaanza kuruka, na kicheko kikatoka kwa njia pekee iliyokuwa wazi. Maji yote yakaruka kama bomba lililopasuka na kutua juu ya karatasi za Papa Mbuyi, miwani yake, na vile viatu.

Mama Prudence akashika kichwa.

"Inspecteur, tafazali, munisa..."

"—mehe!"

Walimu arobaini walisema. Maman Estelle alisema. Na kwa sauti nene ya Kasai, huku ndevu zikidondosha maji, Papa Mbuyi naye alisema.

Akasikia alichosema. Akaitazama kengele. Dany alikuwa ameshaifikia.

Tring.

"Ile iko ya Inspecteur," akasema Dany, na ukumbi ukaanguka. Watu walilia kwa kucheka. Mwalimu wa dini alikalia beseni.

Papa Mbuyi alifuta miwani kwa muda mrefu, kwa sababu nyuma ya kitambaa alikuwa bado anacheka.

"Nimeandika," akasema mwishowe, "hata kama sasa haisomeke. Dakika hamsini. Mualimu amesema kabla ya kufunga kinywa, dakika moja. Kisha bamejifunza bao wenyewe, na mupishi amefundisha. Darasa ya saba iko yako, Mama. Lakini kengele hii utaenda nayo. Na utaipatia batoto bailize, haiko weye."

Mchana wakala maharagwe yaliyozama. Yaliyoelea, Maman Estelle aliyapika kando na kumpakulia Dany.

Jumatatu, Saio. Mama Prudence aliiweka kengele juu ya dawati la mbele, akawaeleza watoto sheria, akavuta pumzi, akaanza. Alijitahidi. Kabla ya saa tatu kengele ilikuwa imelia mara nyingi sana hivi kwamba darasa la nane lilidhani ni mapumziko, likatoka uwanjani. Madarasa mengine yakalifuata. Na mama wa mandazi, akiwaona, akaanza kuuza. Dany akatoka maktaba na vitabu vyake kumi na kimoja kuangalia kama kuna moto.

Préfet Roger akaja mbio. Darasani kwa saba alikuta mtoto mmoja mdogo, wa wale wapya kutoka kambini, ambaye tangu aje hakuwa amesema neno. Ameshika kengele kwa mikono miwili, amekodolea macho kinywa cha Mama Prudence, anangoja akosee tena, na anacheka.