Mashine Iliyomeza Herufi

Wakili aliileta ile laptopu ofisini Jumatatu moja asubuhi, imezungushiwa taulo la kuogea kama mtoto aliyetoka kuoshwa, akaiweka juu ya meza yangu na kutuambia tusiiguse mpaka amalize chai yake. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na katika jengo letu lote pale Thika mjini, kuanzia duka la mbolea lililokuwa chini mpaka kwa daktari wa meno juu, hakuna aliyekuwa amewahi kuona kompyuta ya kukunjwa. Shemeji yake alikuwa amemnunulia ng'ambo, kutoka kwa mtu aliyeitumia kabla. Wateja walipanda ngazi kuja kuitazama tu. Wengine walijitungia shida za kisheria ili wapate sababu ya kuketi karibu nayo.

Tulikuwa wapiga taipu wawili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeachika, nina mtoto wa miaka mitatu, na nimerudi nyumbani kwa mama yangu Majengo, ambako kila mtu alijua kwamba nimerudi na kila mtu alikuwa na maoni. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, aliyekuja kila siku kutoka Ruiru, na aliyefanya kazi kwa wakili yule tangu wakili mwenyewe akiwa na nywele. Nilimwita Mama. Yeye aliniita maitu, jinsi Wakikuyu wanavyowaita mabinti zao kwa mapenzi, ingawa alijua vizuri kwamba mimi ni Mwislamu wa Majengo, babu yangu alitoka mbali, na Kikikuyu changu ni cha kununulia viazi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kubonyeza vitufe. Mama alinifundisha kupiga taipu. Alinifunika mikono kwa leso yake, akaniwekea hati upande wa kushoto, akasema macho yangu yakae kwenye hati, si kwenye vidole wala kwenye karatasi. Mpiga taipu anayechungulia karatasi yake, alisema, hajiamini. Mwenyewe aliweza kupiga ukurasa mzima wa hati ya kiapo huku akiniuliza mtoto ameamkaje, na ukiutoa ukurasa ule kwenye mashine hukuti kosa. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, vya mtu aliyechuma kahawa utotoni, lakini vikianza ungedhani mvua ya mawe imeshuka juu ya bati. Nilimwonea fahari. Nilimwonea na wivu pia, siwezi kuficha.

Chai ilipokwisha, wakili alitueleza mpango wake. Kwa mashine kama ile, alisema, ofisi ilihitaji mtu mmoja tu. Angetupa zamu, siku moja mimi na siku moja Mama, halafu mwezi ukiisha angeamua nani abaki. Alisema kwa upole, na tangu siku hiyo huwa nawaogopa watu wanaosema mambo ya namna hiyo kwa upole. Juma hilohilo taipureta zetu mbili zilipakiwa kwenye gari lake na kupelekwa nyumbani kwake, stoo, ili tusije tukazirudia.

Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi sita, jioni, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu. Mashine za pale zilikuwa kuukuu, na mwalimu wetu alitumia nusu ya kila somo kutufundisha subira. Alituonyesha taa ndogo inayowakawaka mashine inapotafuta vitu kwenye diski yake. Ikiwaka bila kuzima, alisema, mashine imezidiwa, nyanyua mikono ungoje. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kwenye laptopu nilifanya hivyo. Mtaalamu mmoja wa Nairobi alikuwa ameipakia programu mpya, kubwa kuliko nguvu zake, na memori yake ilikuwa ndogo mno. Kila baada ya mistari miwili taa iliwaka, nami niliketi mikono mapajani. Wakili alipita akaona ukurasa msafi, akasema vizuri.

Kesho yake ikawa zamu ya Mama. Alivuta kiti, akaweka hati kushoto, akaanza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikipanga mafaili. Vidole vyake vilimaliza mstari wa kwanza, vikamaliza wa pili, na kwenye skrini herufi za mstari wa kwanza zilikuwa bado zinakuja, moja moja, kama wazee wanaotoka kanisani. Ile taa ilikuwa imewaka imara. Mashine ikatoa sauti ndogo, tii, tii, na yeye akadhani ni sauti yake ya kawaida. Hakutazama skrini. Angetazama kwa nini? Miaka thelathini hakuwahi kutazama. Skrini ilipomfikia hatimaye, maneno yalikuwa na mapengo. Mashine ilikuwa imemeza kila herufi iliyoshindwa kuipokea kwa wakati.

Nililiona jambo hilo lote, mwanzo mpaka mwisho, siku ile ya kwanza. Nikafungua mdomo kumwambia. Nataka ijulikane kwamba nilifungua mdomo. Lakini wakili alikuwa ametoka ofisini kwake, akainama juu ya bega la Mama, akasoma, akaguna. Na ule mguno wake ukaniingia moyoni kama habari njema. Sina namna nyingine ya kuusema. Nilimwona mtoto wangu, nikamwona mama yangu akiacha kunitazama kwa huruma, nikafunga mdomo nikarudi kwenye mafaili.

Ningeweza kumwambia siku yoyote iliyofuata. Neno moja tu, subiri taa, na angeelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Badala yake nilimsaidia kutafuta makosa. Nilikaa karibu naye nikamwonyesha kwa kalamu: hapa pamekosekana a, hapa pamekosekana n. Alishukuru kila mara. Haikumjia hata kidogo kwamba kitu cha bei ile, kilichopanda ndege, kingeweza kukosea. Alijaribu kupunguza mwendo, lakini vidole vilikuwa na desturi yao, akisahau dakika moja tu vilikimbia. Akaanza kuja na dawa ya kuchua kwenye mkoba. Ofisi ikanuka dawa hiyo, na wateja wakauliza nani anaumwa.

Mambo yaliharibika kwa hati ya shamba la Gatuanyaga. Mzee mmoja alikuwa anauza ekari mbili, na katika makubaliano namba ya shamba ilipotea tarakimu moja katikati. Mzee akatia kidole, mnunuzi akasaini, na karani wa ardhi ndiye aliyegundua kwamba kwa mujibu wa karatasi zile mzee ameuza shamba la mtu mwingine. Mzee alirudi akapanda ngazi zetu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Wakili alimwita Mama mbele ya mzee huyo na mbele ya wateja watatu. Hakupaza sauti. "Mama, umechoka," alisema. "Hata gari huchoka."

Mchana huo nilimkuta Mama kwenye bomba la korido, pale tulipooshea vikombe. Hakuwa anaosha chochote. Alikuwa ameinyoosha mikono mbele yake anaitazama, mbele na nyuma.

"Maitu," akasema, "wewe macho yako ni mazuri. Niambie ukweli. Ni vidole vyangu, ama?"

Hapo ndipo mahali. Nikitaka kujua mimi ni mtu wa aina gani, narudi kwenye bomba lile. Nilifunga maji yaliyokuwa yanadondoka, nikamwambia, "Mama, labda upumzike kidogo."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa majibu na daktari. Ijumaa alichukua kikombe chake, mto wake wa kukalia na picha ya mjukuu wake, akaniombea heri, akashuka ngazi. Sikushuka naye. Nilijifanya nina simu ya kupokea.

Nilibaki na kazi. Mama yangu mzazi alichinja kuku. Kwa wiki kadhaa nilipiga hati za watu nikiwa nimetulia mbele ya taa ile, na ofisi ikawa kimya hata daktari wa meno akauliza kama tumehama.

Baada ya kama miezi miwili wakili alichoka kungoja. Alikuwa na haraka ya kila kitu, akatafuta fundi wa kumwongezea mashine kasi. Fundi alitoka Githurai 45, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na memori mpya alikuja nayo ndani ya mfuko wa plastiki wa kung'aa, kitu kidogo kisichojaza hata kiganja. Kabla ya kuigusa alishika kwanza chuma cha dirisha, akaniomba nisisogee na sweta langu la nailoni, maana umeme wa nguo ungeweza kuiua. Akaigeuza laptopu kifudifudi, akafungua kifuniko kwa bisibisi ndogo, akachungulia, akacheka.

"Sista, hii kitu imekuwa ikilala njaa," akasema. "Umekuwa ukitype aje hapa?"

Nikamwambia, "Polepole."

"Ni hivyo tu. Mtu wa speed hangeweza. Inameza letters."

Wakili alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu alikitazama kile kikombe muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili. Kisha akasema, "Basi sasa iko sawa," akamuuliza fundi kuhusu betri, maana ile iliyokuwepo ilikata kabla ya nusu saa stima ikipotea. Hatukulizungumza jambo lile siku hiyo wala siku nyingine, na nilikaa katika ofisi ile miaka sita.

Fundi alipoondoka nilichukua faili la kwanza lililokuwa karibu, nikaliweka kushoto, nikapiga kwa kasi yangu yote, macho kwenye hati. Nilipoinua kichwa herufi zote zilikuwa zimesimama mahali pake, hakuna hata moja iliyokosekana. Taa iliwaka mara moja ikazima. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia. Nilimkasirikia wakili, nikamkasirikia shemeji yake wa ng'ambo na yule mtaalamu wa Nairobi, na nilipowamaliza wote alibaki mtu mmoja tu.

Jumapili nilikwenda Ruiru na mkate na paketi ya majani ya chai. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli, nyuma ya mashamba ya kahawa, na nilimkuta nje ametoka kanisani, ameketi kwenye kiti cha kamba, anatazama kuku. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa bendeji mpaka karibu na viwiko. Alifurahi kuniona hata nikaona aibu. Alinieleza kwamba hospitalini walisema ni baridi yabisi, wakamchoma sindano, na kwamba sasa binti wa jirani ndiye anayemwandikia kumbukumbu za kikundi cha akina mama. Chuo kimoja cha taipu karibu na soko kilikuwa kimemwomba akawafundishe wasichana. Alikataa. "Ningewafundisha nini na mikono iliyokufa?" alisema, bila uchungu, akimimina chai kwa shida. Walikwisha pata mwalimu mwingine.

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu memori, kuhusu taa, kuhusu fundi na maneno yake. Ilibidi nirudie mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa akinitazama usoni tu, hasikilizi.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, Mama. Hata siku moja haikuwa wewe."

Kisha akaanza kufungua bendeji ya mkono wa kulia, polepole, akiikunja vizuri kila mzunguko kama kitu atakachokihitaji tena. Akaweka vidole juu ya kitambaa cha plastiki cha meza. Vikaanza kucheza, kwanza kwa woga, halafu kwa ile kasi niliyoijua, mstari baada ya mstari, nami nilimwona anapiga hati ambayo mimi sikuweza kuisoma. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Na wewe umejua lini?" akaniuliza.

Hakuuliza kwa kunitega. Aliuliza jinsi mtu anavyouliza mgeni amefika saa ngapi. Njia nzima kutoka Thika nilikuwa nimejiandaa kulijibu swali hilo, nilikuwa nimeyapanga maneno, na nilikuwa nimeapa kusema kweli.

"Juzi," nikasema. "Fundi alipokuja."

Akamwita jirani kwenye ua, akampigia kelele kwa Kikikuyu kwamba mikono yake ni mizima, na kwamba huyu mtoto wa Majengo ameacha siku yake ya kupumzika akaja mpaka hapa kumwambia. Jirani akaja akanishika mkono, na binti yake akaja. Mama akasimama, akaniwekea mikono yake kichwani, mmoja umefungwa na mmoja wazi, akasema ataomba. Alimshukuru Mungu kwa Kikikuyu, kisha akarudi kwa Kiswahili ili nami nisikie. Alimshukuru kwa kumpa, katika uzee wake, mtoto ambaye akijua ukweli hawezi kulala nao. Wote waliinamisha vichwa wakaitikia, nami nikaitikia pamoja nao, amina.