Hema Katikati ya Mahindi

Mtu akitaka kunikasirisha hadi leo, aniambie kwamba shamba lile lilikuwa limekaa bure. Mama yangu amelikodi tangu kabla sijaanza shule. Liko upande wa barabara ya kwenda Soy, si mbali na mji wa Eldoret, na ndilo lililonisomesha hadi nikawa mwalimu. Aliyelirithi shamba hilo anaishi ng'ambo na hakuwahi kutusumbua. Kisha akapata mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa kampuni ya kujenga nyumba kutoka Nairobi. Mkurugenzi wake alikuja kulitazama shamba mwezi wa pili, na kila mtu wa huku anajua shamba lina sura gani mwezi huo. Mahindi yameshavunwa, na kwa desturi yetu ng'ombe wa majirani wote huachiliwa waingie wale mabua, bila kuulizana ni wa nani. Yule bwana aliona vumbi, ng'ombe wanaozurura na hakuna mtu. Akapiga picha, akaenda zake. Baadaye tukakuta kibao kando ya barabara: nyumba za kisasa kujengwa kwenye ardhi isiyotumika, mwenye pingamizi afike mkutanoni.

Isiyotumika. Damu ilinichemka. Ilichemka zaidi niliposoma tarehe, maana mkutano ulikuwa umewekwa wakati wa mvua ya kwanza, wiki ambayo mkulima wa Uasin Gishu hatoki shambani hata kwa harusi ya mwanawe. Ukichelewa kupanda huku, mwaka wako umekwisha. Lakini wasipotokea watu, kaunti ingeidhinisha zile nyumba, na Mama, kwa umri wake, hangepata mahali pengine pa kulima.

Tulipokutana sisi tunaokodi vipande vya lile shamba, nilisema tuandamane mjini. Nilikuwa hata nimeandaa hotuba.

"Mwalimu," Mama akaniambia, "hiyo hotuba yako itapanda mahindi?"

Jirani yake wa shamba, mama aliyehamia huku kutoka pande za ziwa, aliyekuwa akigombana naye kuhusu mpaka kila msimu, akauliza, "Kwani hiyo mkutano inafanyiwa wapi?"

"Hapo tu shambani. Wataweka tent," nikamjibu.

Wale wawili wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, na kwa mara ya kwanza nikawaona wamekubaliana jambo.

Siku ilipofika, hema jeupe lilikuwa limesimama katikati ya shamba, na viti vya plastiki ndani. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Mkurugenzi alikuja na viatu vinavyong'aa, na afisa wa kaunti, mwanamke mtulivu mwenye miwani, akaketi mbele kutusikiliza. Tulikuwa wachache.

"Ardhi hii imelala kwa miaka," mkurugenzi akaanza.

Trekta likanguruma nje. Akapaza sauti. Trekta likapita kando ya hema likivuta mashine ya kupandia, likageuka, likarudi. Kila likikaribia, mkurugenzi alinyamaza. Likienda mbali, aliendelea. Nilijiuma mdomo nisicheke.

"Hiyo kelele ni ya nini?" afisa akauliza.

Mama akasimama, matope yamefika magotini. "Ni shamba yenye haitumiki, Madam. Inapandwa."

Hema zima likacheka, hata dereva wa mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe hakukata tamaa. Akatoa picha zake, akasema alikuja mwenyewe na hakuona mmea hata mmoja, ni ng'ombe watupu.

"Hao ng'ombe walikuwa wanakula mabua," jirani wa Mama akamjibu polepole. "Na mabua inatoka wapi, bwana?"

Afisa alizitazama zile picha kwa muda mrefu. Kisha akaazima gambuti za kuvaa matopeni, akatoka kwenda kujionea, na tukamfuata sote. Mkurugenzi alibaki hemani kwa sababu ya viatu vyake.

Kaunti ilikataa. Siku ile habari ilipofika nilipiga kelele darasani, wanafunzi wakadhani nimepandishwa cheo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sioni haya.

Hema, hata hivyo, lilikaa wiki kadhaa. Lori la kulibeba halikuweza kuingia kwenye tope, na tulikuwa tumepanda hadi kwenye vigingi. Lilipoondolewa, kilibaki kipande cha mraba kitupu. Mama na jirani yake wakakipanda kwa jembe, wakibishana nani kapotosha mstari. Ndiyo maana shamba zima lilipokuwa limekauka likingoja kuvunwa, pale tu palikuwa bado na mahindi mabichi.

Mnunuzi wa mahindi alipokuja, Mama alimwonyesha kote isipokuwa pale. "Hiyo ni ya mkurugenzi," alisema, "na hajakuja."

Tukawasha moto palepale, tukachoma. Mama akanichagulia hindi kubwa, akangoja nilitafune.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Sasa toa ile hotuba."