Nukta Nyekundu ya Kinamasi

Shangazi yangu husuka mikeka ya mafunjo katika chumba cha uani, mlango wazi, miguu ameinyoosha. Hupiga soga huku mikono ikiendelea na kazi yake. Mafunjo huyakata kwenye kinamasi nyuma ya mji pamoja na jirani yake, ambaye mtaa mzima humwita Redio kwa sababu hazimiki. Hukata upande mmoja tu. Wa pili huuacha upumzike mpaka machipukizi yawapite kimo.

Mtafiti wa chuo kikuu, binti mpole mwenye miwani, alikuwa ameshinda nao matopeni msimu mzima akijifunza ukataji huo. Jumamosi alirudi na rasimu ya makala yake awasomee kabla haijachapishwa, waseme kipi kibaki na kipi kitoke. Shangazi alicheka kusikia maneno yake yakisomwa kama taarifa ya habari.

Kisha binti akakunjua ramani. Juu ya kinamasi chao palikuwa na nukta nyekundu.

Shangazi akaacha kusuka. "Mwanangu, hiyo itoke."

"Itoke kwa nini?" Redio akadakia. "Acha watu watujue. Wateja watakuja."

"Watakuja na malori, wewe. Watafyeka mpaka viota vya ndege. Mwakani tutasuka nini, nywele zako?"

"Hizi hazitoshi hata ufagio," Redio akasema, akijishika kilemba. "Lakini mimi nimechoka kusuka mikeka ije ilale na vumbi."

"Kazi hii ni yenu pia," mtafiti akasema. "Msipokubaliana, ramani siichapishi."

Shangazi akatazama mikeka iliyoviringishwa, imepangwa mpaka imeziba dirisha. Mwenzake naye alikuwa na haki.

"Nukta inaweza kuhama?" akauliza.

"Iende wapi, shangazi?"

"Hapa mlangoni kwetu. Anayetaka mkeka atatukuta. Anayetaka mafunjo atatuomba kwanza, tumwoneshe pa kukata na pa kuacha."

"Na akija nimelala?" Redio akauliza.

"Wewe ulale, na mgeni yupo wa kuongea naye?"

Redio akacheka mpaka akafuta machozi, na hapo tukajua amekubali. Mtafiti akaifuta ile nukta, akachora nyingine mtaani kwetu, akaandika chini kwamba mahali pa kukatia hapakutajwa kwa ombi la wasukaji.

Redio akainama kuikagua.

"Isogeze kidogo, mwanangu. Hapo wateja wetu umewapeleka kwa fundi cherehani."