Siku Baba Alipoosha Tangi

Juzi nilikuwa napita Beu, kule Beni, nikasikia harufu ya chuma kinachoungua, na miguu ikasimama yenyewe. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi utotoni, Butembo, kwenye ua wa kwetu, ambako baba aliweka mashini yake ya soudure, ya kuungia vyuma kwa moto, chini ya mabati.

Kila asubuhi, wakati mukaka, ndivyo tulivyomwita mama yake baba, akipuliza moto wa maharagwe, baba alifuta vumbi la mashini, kisha akaupapasa waya wote kutafuta palipochubuka. Sisi watoto, wenye miguu mitupu, tulifukuzwa mbali. “Moto ya soudure, hapana kuangalia!” baba alituonya. Dada yangu aliangalia siku moja, macho yakamwasha kama yametiwa mchanga. Mama alimwekea vipande vya viazi baridi mpaka akasinzia.

Miaka ile ilikuwa ya vita. Mchana mmoja risasi zikaanza kulia upande wa barabara ya Kirumba. Jirani yetu, mfanyabiashara mwenye kamyoneti, gari dogo la mizigo, akasema atatupeleka sote Beni. Mizigo ilikwisha kupakiwa alipoona esansi, petroli ya gari, inadondoka: tangi limepasuka. Akalifungua, akamwaga iliyobaki, akamletea baba mbio.

“Papa, unga haraka!” jirani akamwambia. “Esansi haiko tena.”

“Esansi ilitoka, lakini harufu iko ndani. Ile harufu ndiyo inalipuka. Mulete maji.”

Risasi zilikuwa zikisogea. Mukaka, rozari mkononi, akamkaripia: “Batatuua hapa, na wewe unaosha vyombo!”

Mama na mke wa jirani walikuja na mabeseni, sisi na ndoo. Baba aliliosha tangi kwa maji moto na sabuni, akalitikisa, akamwaga, akaanza tena. Mwisho akalijaza maji hadi karibu na ufa, akaacha mdomo wa tangi wazi, akawasha genereta na kutufukuza sote.

Tulijilaza chini nyuma ya nyumba. Mukaka alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Tukasikia soudure ikichachatika, halafu “puf!”, kama mtu anayekohoa. Kimya. Mama akamwita baba kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

“Niko,” baba akajibu. “Ni harufu kidogo ilibakia.”

Jirani akaketi kwenye matope, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Baba akamaliza kuunga, tangi likafungwa tena garini, tukaingia Beni kabla ya giza. Mukaka alitupapasa vichwa, mmoja baada ya mwingine, kisha akamshika baba mkono. “Mutoto yangu, kama ungenisikia, tungekufa bote.”

Mashini iliibwa tulipokuwa ukimbizini, na ule ua sasa umejengwa duka la simenti. Mukaka hayupo tena, wala jirani, wala baba. Walikufa wazee, kila mmoja kitandani mwake, watoto wake wakimwimbia. Kwa watu wa miaka ile, hilo halikuwa jambo dogo.