Soli za Kuwashia Jiko

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo bibi mmoja tuliyemwita Shosho Nyambura alikuja kwetu Mashimoni, Kibera, kwa miguu, kutoka Kawangware, akatukuta tunapika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Nilishona viatu Soko la Toi, kazi ninayoifanya mpaka leo, ingawa macho yameanza kunikatalia.

Nikueleze kwanza tulivyowasha jiko. Fundi wa viatu hakosi mabaki. Kila jioni nilibeba nyumbani mfuko wa vipande vya soli na visigino vilivyolika. Ukiweka kipande kimoja chini ya makaa na kukitia kiberiti, kinashika mara moja, hata makaa yakiwa na unyevu. Majirani walihangaika na vijiti, wakipepea mpaka mikono inauma. Sisi wakati huo ugali ulikuwa mezani. Na kwa kuwa nje kulikuwa na tope na watu wakipita, tuliwashia ndani. Moshi wake ulikuwa mweusi, ulishika kwenye mabati kama lami, lakini binadamu huzoea. Vijana wa pale walinitania, "Fundi, leo mnakula namba ngapi?" Nikiwajibu namba tisa, kama ya kiatu, tunacheka wote.

Aliyepika ni mke wangu Akinyi, Mungu amlaze pema. Alikuwa akiwafulia watu nguo, na mmoja wa watu hao alikuwa Shosho Nyambura, mama mzee mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha Kawangware. Akinyi alipokosa kwenda wiki mbili kwa sababu ya kifua, mzee yule hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, akajifunika pua kwa leso.

"Kijana, mnapika na viatu?"

"Ni za kuwashia tu, Shosho. Zinashika haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Akaketi kitandani kando ya Akinyi, akamsikiliza akikohoa, kisha akanieleza polepole, bila kunigombeza. Hakuniambia niache makaa, maana alijua hatukuwa na kingine. Alisema niache soli, niwashie nje, na nisubiri jiko liwe jekundu kabla ya kuliingiza ndani. Halafu akasema ana chumba kitupu kwenye ploti yake, kodi ni kama ya kwetu, na nje kuna kibanda cha kupikia. Tunaweza kuhamia hata kesho.

Alipoondoka, Akinyi alisema maneno machache.

"Mume wangu, twende."

Mimi nikafikiria miguu yangu. Kutoka Mashimoni hadi Toi ni karibu. Kutoka Kawangware ni kuamka mapema na kutembea. Na Kibera ndiko nilikokuwa na wateja, marafiki na kanisa langu. Nikamwambia tungoje mvua iishe. Mvua ikaisha, nikasema tungoje Krismasi ipite. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee, lakini yangu yalikuwa yameshiba.

Soli niliziacha, nisiseme uongo, kwa wiki tatu. Nilikuwa naokota vibanzi vya mbao kwa maseremala wa Laini Saba, mtaa jirani, nawasha nje, napepea. Kisha jioni moja nilifika nimelowa, nina njaa, na vibanzi vimelowa pia. Nikachukua kipande cha soli. Kimoja tu. Akinyi aliniangalia, akasogeza kiti chake karibu na mlango. Kesho yake nikachukua kingine. Mazoea yana taabu, mwanangu. Hayarudi kwa kishindo. Hurudi yakiomba nafasi ndogo tu ya kusimama.

Tulihamia Kawangware baada ya miaka saba. Shosho alikuwa ameshafariki. Mwanawe ndiye aliyetupa chumba. Na nikuambie jambo linalonichoma hata sasa: ule mwendo wa kwenda Toi niliouogopa miaka saba, niliuzoea kwa wiki mbili.

Kifua cha Akinyi hakikupona. Aliishi nacho miaka mingi, akiimba kanisani kwa sauti ya chini ili asikohoe. Mwaka jana tulimzika kijijini kwetu, karibu na ziwa. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa mwanamke mvumilivu. Mimi nilijua alichokivumilia.

Daktari hakuniambia kwamba ni soli. Alisema tu kifua kimechoka siku nyingi. Huenda angeugua hata kama tungehama siku ile ile. Sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba aliniomba kitu kimoja, nami nikamwambia angoje kwa sababu mimi nilikuwa nimeketi vizuri. Husemwa kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sikio lisilosikia lilikuwa langu, lakini aliyekufa ni yeye.

Siku hizi napika peke yangu. Nawasha kwa vibanzi, nje, nasubiri jiko liwe jekundu. Ndani hakuna wa kukohoa, lakini nasubiri.

Mwanangu, sikuambii uchukie raha. Mtu aliyechoka anastahili kiti. Lakini kila jambo linalokurahisishia maisha, liulize ni nani anayevuta moshi wake. Ukiona ni mwenzako, usingoje mvua iishe. Usiape pia kwamba utabadilisha maisha yote; viapo vikubwa nilivijaribu, havikumaliza mwezi. Shika jambo moja dogo, na ulishike hasa jioni ile umelowa na una njaa, kwa maana siku ya jua kila mtu ni mwema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hakuna fundi wa kuzijenga. Na mtu anayekupenda akikuambia "twende", vaa viatu.

Mungu akupe moto usio na moshi, na mtu wa kuketi nawe kando yake. Akikupa, msikilize angali anaongea. Nenda salama, mwanangu.